Kiraka Kimoja, Kadi za Zamani: Nani Aseme Kiendeshi cha Michoro Kiko Salama?

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta za okazio mjini Lubumbashi wamekuwa wakipewa mashauri yanayogongana. Mmoja anawaambia wahamie Linux, kwa kuwa Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo mashine nyingi za kabla ya mwaka 2017 hazina. Mwingine anaonya kwamba Linux nayo imeanza kuzitupa kadi za zamani. Wa tatu anasema programu huria haifai kuaminiwa, maana kila mtu anaweza kuingia na kuibadilisha apendavyo. Katikati ya maneno hayo ikaja habari nyingine: katika toleo la 6.19 la kiini cha Linux, lililotoka mwanzoni mwa mwaka 2026, kadi za AMD Radeon za miaka ya 2012 na 2013 zimehamishwa kutoka kiendeshi cha zamani kwenda kipya.

Kwa fundi wa mtaa wa Naviundu mjini humo, anayefufua mashine zilizofika kupitia mpaka wa Kasumbalesa, swali ni la riziki. Mteja akisasisha mfumo na skrini ikabaki nyeusi, lawama itamwangukia fundi, hata kama kosa liliingia katika msimbo ulioandikwa Ulaya au Marekani miezi mingi kabla. Kwa hiyo inafaa kueleza kwa utulivu badiliko la kiendeshi cha michoro hukaguliwaje, wakaguzi wanavutana juu ya nini, na hoja ya kila upande ina uzito gani ikitazamwa kutoka kwenye mtaa ambako kadi ya miaka kumi na minne bado inafanya kazi kila siku.

Kiendeshi ni nini, na kwa nini msimbo wake uko wazi

Kadi ya michoro haifahamu lugha ya programu za kawaida. Kiendeshi ndicho mkalimani kati yao: programu inasema "chora dirisha hapa", kiendeshi kinaigeuza kauli hiyo kuwa amri ambazo chipu ya kadi ile, ya kampuni ile, ya mwaka ule, inaweza kuzitekeleza. Katika Linux kazi hiyo imegawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza imo ndani ya kiini, katika tawi linaloitwa DRM: inasimamia kumbukumbu ya kadi, umeme wake, na njia za kupeleka picha kwenye skrini. Sehemu ya pili iko nje ya kiini, katika mradi wa Mesa ulioanzishwa na Brian Paul mwaka 1993: inapokea maagizo ya michoro ambayo programu huyatuma kwa njia za OpenGL na Vulkan, na kuyatafsiri.

Mgawanyo huu unaathiri ukaguzi moja kwa moja. Kosa katika Mesa mara nyingi huharibu picha ya programu moja au kuifunga programu hiyo. Kosa katika kiini linaweza kuigandisha mashine nzima, au kuiacha na skrini nyeusi isiyompa mtumiaji hata nafasi ya kusoma ujumbe wa kosa. Ndiyo maana kiraka cha kiini huulizwa maswali makali zaidi.

Msimbo huu haukuwa wazi tangu mwanzo, wala kampuni hazikuufungua kwa mwendo mmoja. AMD iliinunua ATI, mtengenezaji wa kadi za Radeon, mwaka 2006, na kuanzia mwaka 2007 ikaanza kuchapisha maelezo ya kiufundi ya kadi hizo ili watu wa nje waweze kuziandikia viendeshi. Kwa Nvidia hali ilikuwa nyingine. Watu wa kujitolea walilazimika kuichunguza tabia ya kadi yenyewe ili kutengeneza kiendeshi cha nouveau, kilichoingizwa katika kiini toleo la 2.6.33 mwaka 2010. Nvidia ilipofungua sehemu zake za kiini Mei 2022, ilizifungua kwa kadi za kizazi cha Turing na zilizofuata tu. Mwenye kadi ya zamani zaidi hakuguswa na ufunguzi huo.

Faida kubwa ya msimbo wazi kwa mwenye kadi kuukuu iko hapo. Kampuni inapoacha kuihudumia kadi, kiendeshi kilichofungwa hufa pamoja na huduma hiyo. Kiendeshi kilicho wazi huweza kuendelea kuishi, mradi yupo mtu wa kukitunza. Sharti hilo la mwisho ndilo linalozaa mabishano yote yanayofuata.

Safari ya badiliko, kutoka kwa mwandishi hadi kwenye mashine yako

Hofu kwamba "kila mtu anaweza kuibadilisha Linux" inachanganya mambo mawili. Kila mtu anaweza kupendekeza, lakini wanaoweza kuingiza ni wachache, nao huingiza baada ya pendekezo kupita mikononi mwa wengine.

Pendekezo huitwa kiraka. Mwandishi huonyesha mistari anayoiondoa na anayoiongeza, hueleza sababu, na kuweka sahihi ya "Signed-off-by", utaratibu ulioanza mwaka 2004, kuthibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo. Mkaguzi huusoma mstari kwa mstari. Je, badiliko linafanya kile linachodai? Kadi nyingine zinazotumia msimbo uleule zitaathirikaje? Jambo likishindikana katikati, kumbukumbu iliyochukuliwa inarudishwa? Je, kiraka kinaongeza njia mpya ya programu kuzungumza na kiini? Swali hilo la mwisho lina uzito wa pekee, kwa kuwa njia ikishafunguliwa haifungwi tena kirahisi. Kwa sababu hiyo tawi la DRM lina kanuni: njia mpya haikubaliwi mpaka iwepo programu iliyo wazi inayoitumia kweli.

Akiridhika, mkaguzi huandika "Reviewed-by" na jina lake. Aliyekijaribu kiraka kwenye mashine halisi huandika "Tested-by". Kiraka cha kadi za AMD hupita kwa watunzaji wa viendeshi vya AMD, kisha kwa Dave Airlie na Simona Vetter wanaolisimamia tawi la DRM, na hatimaye kwa Linus Torvalds. Toleo jipya la kiini hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, likiwa limebeba zaidi ya mabadiliko 10,000.

Sahihi mbili hizo, ya msomaji na ya mpimaji, zinathibitisha vitu tofauti. Ya kwanza inasema msimbo una mantiki. Ya pili inasema kadi imekubali. Historia ya viendeshi imejaa viraka vilivyosomwa vikaonekana safi, halafu kadi ikakataa.

Badiliko lenyewe: kutoka radeon kwenda amdgpu

Kwa miaka mingi kadi za AMD zilihudumiwa na kiendeshi kiitwacho radeon. Mwaka 2015, katika toleo la 4.2, kiini kilipokea kiendeshi kingine, amdgpu, kwa ajili ya kadi mpya. Katikati zilibaki Radeon za vizazi viwili, zile za mwaka 2012 kama HD 7900 na zile za mwaka 2013 kama R9 290. Hizi ziliweza kuendeshwa na viendeshi vyote viwili, lakini radeon ndicho kilichochaguliwa chenyewe bila mtumiaji kusema lolote. Aliyetaka amdgpu alipaswa kuandika maagizo maalumu wakati wa kuwasha mashine.

Toleo la 6.19 limegeuza chaguo hilo kwa kadi zinazojitegemea za vizazi hivyo. Uamuzi wenyewe, ukiutazama katika msimbo, ni mistari michache. Lakini nyuma yake kuna kazi ndefu, ambayo sehemu yake kubwa ilifanywa na Timur Kristóf, mhandisi anayefanya kazi na timu ya michoro ya Linux ya kampuni ya Valve. Sababu ya kazi hiyo inaihusu Lubumbashi kuliko miji mingi: sehemu mpya ya amdgpu inayosimamia skrini, iitwayo DC, haikujua kuendesha matundu ya analogi, yaani VGA na zile DVI zinazobeba ishara ya aina hiyo. Aliyeiandika alizilenga kadi mpya, na kadi mpya hazina VGA. Ilibidi kwanza DC ifundishwe kutoa picha ya analogi, na kutambua kama skrini ya aina hiyo imechomekwa au la, ndipo uhamisho uwezekane.

Anayopata mtumiaji si madogo. Kupitia amdgpu, kadi hizo zinaweza kutumia Vulkan kwa kiendeshi cha RADV kilichomo ndani ya Mesa, jambo lisilowezekana juu ya radeon. Pia zinaingia katika msimbo unaosomwa na kurekebishwa kila wiki, badala ya kubaki katika msimbo ambao wahandisi wachache bado wanaukumbuka. Anachoweza kupoteza ni utulivu wa kitu alichokizoea kwa zaidi ya miaka kumi.

Msimamo wa kwanza: kilicho kikongwe kiondolewe

Kundi la kwanza linasema msimbo usiotunzwa ni mzigo kwa wote. Kila badiliko kubwa katika kiini au Mesa linalazimisha viendeshi vyote virekebishwe, pamoja na vile ambavyo hakuna aliyebaki na kadi yake. Mrekebishaji hufanya kazi kwa kubahatisha, mkaguzi naye hukubali kwa kubahatisha. Matokeo ni kiendeshi kinachoonekana kipo katika orodha, kumbe kilishavunjika.

Hoja hii imeshatekelezwa. Mesa 22.0, ya Machi 2022, iliondoa viendeshi vya mtindo wa kale na kuviacha katika tawi la pembeni liitwalo Amber, lililojengwa juu ya toleo la 21.3. Mwaka 2023, toleo la 6.3 la kiini liliondoa viendeshi vya enzi ya mwanzo ya DRM, vikiwemo vya kadi za 3dfx na Matrox za zamani. Nayo Debian 13, mfumo wa Linux uliotoka Agosti 2025, haina tena kiini wala kisakinishi cha kompyuta za biti 32 za i386.

Nguvu ya msimamo huu ni ukweli wake kuhusu uwezo wa binadamu. Wakaguzi ni wachache, na saa wanazozitumia kwa kadi isiyo na mtumiaji wanaziiba kutoka kwa kadi yenye watumiaji milioni. Aidha, kuondoa msimbo mfu hufungua nafasi: kadi za Intel za kuanzia mwaka 2006 hadi 2013 zilipata kiendeshi kipya cha crocus mwaka 2021, kwa sababu Dave Airlie aliona mapema kwamba kile cha zamani kingeondolewa.

Udhaifu wake uko katika neno "isiyo na mtumiaji". Inajulikanaje kwamba kadi haina mtumiaji? Mara nyingi kwa ukimya: hakuna malalamiko, basi hakuna watu. Lakini mtu wa Naviundu anayeandika barua za wateja na kutoa fotokopi kwenye mashine ya mwaka 2008 halalamiki kwa Kiingereza katika mfumo wa ripoti za makosa. Analalamika kwa fundi, na fundi anarudisha toleo la zamani. Asiyekuwepo na lake halipo.

Msimamo wa pili: kinachofanya kazi kisiguswe

Kundi la pili linaanza na kanuni ambayo Torvalds ameitetea kwa miaka mingi: sasisho la kiini lisimharibie mtumiaji kitu kilichokuwa kikifanya kazi. Badiliko likileta hasara ya namna hiyo, lirekebishwe au lirudishwe nyuma, hata kama msimbo mpya ni mzuri zaidi. Kwa wafuasi wa msimamo huu, kadi ya mwaka 2012 iliyotulia katika radeon haina sababu ya kuhamishwa. Anayetaka Vulkan aandike maagizo yake mwenyewe.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inamlinda asiyejua. Mtumiaji wa kawaida hasomi maelezo ya toleo wala hajui jina la kiendeshi chake. Ukimbadilishia chaguo, umemwamulia jambo bila kumuuliza. Katika mji ambako umeme hukatika na megabaiti za intaneti hununuliwa kwa kupimwa, kurekebisha mfumo ulioharibika ni gharama ya siku nzima ya kazi.

Lakini utulivu wa msimbo usioguswa ni wa muda. Kiini kinachouzunguka kinabadilika, vikusanyaji vya msimbo vinabadilika, Mesa inabadilika. Kiendeshi kinachoachwa nyuma hupoteza wahandisi wanaokifahamu, na siku kitakapovunjika hapatakuwa na wa kukitengeneza. Hapo ndipo hoja ya kundi la kwanza itakaposhinda bila upinzani: "hakina mtunzaji, kiondolewe". Kwa hiyo kuzuia kila badiliko kwa jina la kumlinda mwenye kadi ya zamani kunaweza kuwa ndiyo njia ya kumwondolea kiendeshi hicho baadaye.

Msimamo wa tatu: mlango uwe mwembamba, hata kama foleni ni ndefu

Kundi la tatu halijali sana umri wa kadi. Linajali ubora wa ukaguzi. Linasema tatizo kubwa ni msimbo mwingi unaoingia kwa shinikizo la ratiba za kampuni. Mfano wake maarufu ni kisa cha DC yenyewe. AMD ilionyesha msimbo huo kwa mara ya kwanza Februari 2016. Ulipopendekezwa tena Desemba mwaka huo, ukiwa na karibu mistari 100,000, Dave Airlie aliukataa waziwazi. Sababu yake haikuwa kosa moja au mawili. Msimbo ulijengwa juu ya tabaka lililokusudiwa kuifanya Linux ifanane na mifumo mingine ambayo AMD iliihudumia, na mtu wa nje ya AMD asingeweza kuusoma wala kuurekebisha bila shida. Kwa Airlie, kampuni inaweza kubadili nia kesho, na watakaobaki na mzigo ni watunzaji wa Linux.

AMD ikarudi kazini. Msimbo uliandikwa upya kwa sehemu kubwa, ukaingia katika toleo la 4.15 lililotoka Januari 2018.

Uzuri wa uamuzi ule unaonekana leo. Kwa kuwa DC ilisafishwa hata ikasomeka na watu wa nje, mhandisi asiyekuwa wa AMD ameweza kuiongezea uwezo wa VGA miaka mingi baadaye, kwa ajili ya kadi ambazo kampuni yenyewe haiziuzi tena. Ukaguzi mkali wa mwaka 2016 ndio uliofungua njia ya huruma ya mwaka 2025. Ni vigumu kupata ushahidi mzuri zaidi wa thamani ya mkaguzi anayethubutu kusema hapana.

Hata hivyo, kuna waliolipa gharama ya kusubiri. Walionunua kadi za Vega zilipotoka Agosti 2017 hawakuweza kupata picha kwenye skrini kwa kiini cha kawaida mpaka toleo la 4.15. Mlango mwembamba humwelemea pia mwandishi mpya asiye na mshahara wa kampuni: anayesubiri jibu kwa wiki nyingi, kisha akaombwa aandike upya mara tatu, huenda asirudi tena. Na ukali wa kusoma hauzuii kila hila. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipogundulika kuwa walikuwa wakijaribu kupitisha viraka vyenye kasoro za makusudi katika kiini, watunzaji waliwafungia mlango na kuanza kuvipitia upya viraka vya zamani kutoka chuo hicho. Mkaguzi hodari naye huchoka, na huamini.

Msimamo wa nne: mashine zipime mashine

Kundi la nne linaweka tumaini katika majaribio ya kiotomatiki. Mesa haiingizi badiliko mpaka lipite katika mlolongo wa majaribio yanayoendeshwa na kompyuta. Intel nayo hujaribu viraka vya kiendeshi chake kwenye safu ya mashine halisi kabla havijaingia. Jaribio halichoki, halina upendeleo, na hurudiwa kila mara kwa namna ileile. Makosa mengi hunaswa huko kabla ya jicho la binadamu kufika.

Kasoro yake ni kwamba maabara huwa na kile kilichonunuliwa kwa ajili ya maabara. Haina kadi iliyofunguliwa na kubadilishiwa feni, haina kebo ya VGA iliyokatika waya mmoja, haina adapta ya bei nafuu inayogeuza HDMI kuwa VGA. Kebo ya namna hiyo ni hatari ya kweli: skrini ya VGA huitambulisha kompyuta vipimo vyake kupitia nyaya maalumu, na nyaya hizo zikikosekana kiendeshi hulazimika kuhisi tu kama kuna skrini, kisha kuchagua ukubwa wa picha kwa kukisia. Hali hiyo, ambayo katika maabara ni nadra, katika vibanda vya kompyuta za okazio ni jambo la kila siku.

Pengo ambalo misimamo yote minne inalo

Ukiiweka pamoja misimamo hii, unaona inagombana juu ya mambo tofauti lakini inapungukiwa na kitu kimoja: ushahidi kutoka mahali kadi za zamani zinapoishi sasa. Anayetaka kuondoa hajui watumiaji wamebaki wangapi. Anayetaka kuzuia hajui kitavunjika nini hasa. Mkaguzi mkali anasoma msimbo asiokuwa na kadi yake mezani. Maabara inapima kadi zake yenyewe.

Kadi hizo zilihama. Zilinunuliwa mpya Ulaya, Marekani au Asia, zikatumika miaka minne au mitano ofisini, kisha zikasafirishwa kwa kontena hadi bandari za Afrika, na kutoka Dar es Salaam au Durban zikapanda barabara hadi Katanga. Shaba na kobalti hutoka eneo hili kwenda viwandani duniani. Mashine zilizotengenezwa kwa metali za namna hiyo hurudi zikiwa kuukuu. Wakaguzi nao walibaki na kadi mpya. Hivyo ujuzi wa msimbo umebaki upande mmoja wa dunia, na vyombo vya kuupimia viko upande wa pili.

Kuna pia pengo la muda. Badiliko la toleo la 6.19 halimfikii mtumiaji wa Debian 13 leo, kwa sababu Debian 13 hutumia kiini cha 6.12. Atakutana nalo akihamia toleo kuu linalofuata la Debian, na matoleo hayo hutoka takriban kila baada ya miaka miwili. Kosa litakapoonekana Naviundu, aliyekiandika kiraka atakuwa anashughulika na kazi nyingine, na waliokikagua watakuwa wamesahau walichokisoma. Kadiri ushahidi unavyochelewa ndivyo unavyokosa nguvu. Anayepima badiliko wakati toleo bado ni la majaribio husikilizwa. Anayelalamika baada ya miaka miwili huombwa kwanza athibitishe kwamba kosa bado lipo.

Gharama ya ushahidi kutoka Naviundu

Isingekuwa haki kumwambia fundi "ripoti makosa" bila kuhesabu bei yake. Historia nzima ya msimbo wa kiini ni gigabaiti kadhaa za kupakua. Kutafuta kiraka kilicholeta kosa kati ya mabadiliko 10,000 hufanywa kwa kugawanya orodha nusu kwa nusu, kazi ya hatua 14 hivi. Kila hatua inadai msimbo ujengwe, mashine iwashwe upya, na picha itazamwe. Kwenye prosesa ya zamani hatua moja inaweza kumeza masaa, na umeme ukikatika katikati, kazi inaanza tena. Ripoti yenyewe inaandikwa kwa Kiingereza, katika mji unaofundisha kwa Kifaransa na kuzungumza Kiswahili.

Kwa hiyo mtu mmoja mmoja hawezi kubebeshwa mzigo huu. Taasisi zinaweza. Lubumbashi ina Université de Lubumbashi yenye kitivo chake cha polytechnique, na ina École Supérieure d'Informatique Salama. Wanafunzi wa huko wanahitaji kazi halisi za kujifunzia, na mitaani kuna kadi halisi za kupimia. Msimbo unaweza kupakuliwa mara moja na kugawiwa kwa diski. Kujenga kiini kunaweza kufanywa kwenye mashine moja yenye nguvu, na mashine kuukuu zikabaki na kazi ya kuwaka na kuonyesha picha tu. Taarifa ya kosa haihitaji ufasaha: inahitaji jina kamili la kadi, toleo lililofanya kazi, toleo lililoshindwa, na kumbukumbu ya ujumbe wa kiini. Hayo yote hutolewa na amri chache, na husomeka kwa lugha yoyote.

Wakaguzi nao wana deni. Wanaweza kutangaza mapema kwamba chaguo la kadi ya zamani litabadilishwa, kutoa faili za majaribio ambazo hazihitaji mtu ajenge kiini chake, na kuacha mlango wa kurudi. Katika badiliko hili mlango upo: mwenye kadi ya mwaka 2012 anayepata shida anaweza kuongeza radeon.si_support=1 na amdgpu.si_support=0 katika maagizo ya kuwasha mashine, na wa mwaka 2013 akatumia cik_support badala ya si_support. Fundi anayeyajua maneno hayo atarudisha picha kwa dakika chache bila kusakinisha mfumo upya.

Kuipima mizani

Kwa kadi hizi za Radeon, uhamisho una hoja nzuri kuliko kubaki. Msimbo unaokwenda nao una watunzaji hai, tundu la VGA limeshughulikiwa kabla ya chaguo kugeuzwa, na njia ya kurudi haijafungwa. Mambo hayo matatu yanafaa kuwa kipimo cha kila badiliko la aina hii: je, mtunzaji yupo, je, vifaa vya mtu wa hali ya chini vimefikiriwa, je, asiyeridhika anaweza kurudi? Badiliko lenye majibu mazuri kwa yote matatu lipokelewe. Likikosa la pili, mkaguzi alisimamishe, hata kama msimbo wake unameta.

Msimamo wa kuondoa viendeshi vikongwe unakubalika pale tu ukimya ulipoulizwa maswali, yaani pale tangazo lilipotolewa, likasubiriwa, likafika nje ya mipaka ya nchi zinazoandika msimbo. Msimamo wa kutogusa unafaa kuwa breki, na haufai kuwa maegesho ya kudumu. Ukali wa ukaguzi ndio urithi wenye faida ya muda mrefu kuliko vyote, kama kisa cha DC kinavyoonyesha, ingawa unahitaji kulindwa usiwe ukuta dhidi ya wapya. Majaribio ya kiotomatiki ni msingi wa lazima, ila hayawezi kuapa kwa niaba ya kadi yasiyowahi kuigusa.

Kwa muhtasari

Kiendeshi huria hakibadilishwi kiholela: kiraka husomwa, hupimwa, na hupita mikononi mwa watu wanaoweka majina yao. Kadi za zamani hazijatupwa zote. Baadhi zimeondolewa, nyingine zimepata msimbo bora kuliko ule zilizokuwa nao zilipouzwa mpya. Uhamisho wa Radeon za 2012 na 2013 ni hatua inayostahili kupokelewa kwa tahadhari, huku njia ya kurudi ikijulikana na kila fundi.

Udhaifu mkubwa wa mfumo mzima ni kwamba sahihi ya mpimaji inatolewa mbali na mahali kadi zinapotumika. Lubumbashi ina kadi, ina vijana waliosomea kompyuta, na ina sababu ya kujali kuliko miji iliyokwisha kuzitupa mashine hizo. Kinachokosekana ni kuviunganisha vitu hivyo katika chuo kimoja au karakana moja, kupima toleo likiwa bado la majaribio, na kutuma matokeo kwa jina la mji. Mkaguzi anayesoma kiraka kijacho atakuwa na ushahidi mbele yake, na uamuzi wake utakuwa umewahesabu watu wa Naviundu kabla ya msimbo kuingia.